Pointi za Bonga Zikusaidie Nauli ya Desemba

Unapanga kurudi nyumbani Nyaramba na familia Desemba hii? Kabla utoe nauli yote mfukoni, angalia pointi zako za Bonga.

Kila shilingi 10 za kredo unazotumia hukupa pointi 1. Piga *126# uone uko na ngapi, kisha tufanye hesabu. Tuseme una pointi 5,000 na kila moja inabadilishwa kwa senti 20. Hiyo ni shilingi 1,000. Kama nauli ya watu wanne kutoka Nairobi ni 5,000, utaongeza 4,000 tu.

Mapema, uliza ofisi ya matatu kama till yao inapokea pointi. Usingoje hadi konda aanze kukusanya.

Lakini chunga: usinunue kredo usiyohitaji, wala usichukue Fuliza, eti utafute pointi. Hizo 5,000 zilitokana na kredo ya shilingi 50,000! Pointi ni nyongeza ya matumizi yako ya kawaida, si akiba. Zikikuokolea hiyo 1,000, mbebee nyanya sukari na unga.