Taa za Dashibodi Zinapozimika: Tutafute Kosa Kabla ya Kulipa

Mwenye gari la zamani huwasha taa jioni, akakuta barabara iliyo mbele yake inaonekana vyema lakini mita zake zimo gizani. Hajui anakwenda kwa mwendo gani, wala mafuta yamebaki kiasi gani. Wengi hulihesabu jambo hili kuwa kero ndogo, wakaendelea na safari. Katika somo hili tunakusudia kuonyesha kwamba giza la ndani mara nyingi huwa dalili ya giza jingine lililo nyuma ya gari, ambalo dereva hawezi kuliona akiwa kwenye usukani. Tunakusudia pia kumwezesha mtumiaji kujua hitilafu iko wapi kabla hajakubali kulipia kifaa kisicho na kosa.

Mifano yetu tumeichukua kutoka magari madogo ya Kijapani ya miaka ya 1990, kama vile Toyota Corolla, ambayo yangali yanatumika sana nchini. Gari likiwa la aina nyingine, misingi ni ileile. Kinachotofautiana ni rangi za nyaya na mahali pa fyuzi. Mambo hayo hupatikana katika kitabu cha gari na kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi.

1. Makundi mawili ya taa

Dashibodi ina taa za aina mbili, na anayezichanganya hupoteza siku nzima. Kundi la kwanza ni taa za kuangazia: hizi humulika mita ya mwendo, mita ya mafuta na vitufe vya feni, nazo huwaka pale tu taa za nje zinapowashwa. Kundi la pili ni taa za tahadhari: ya betri, ya mgandamizo wa oili, ya breki na nyinginezo. Hizi huwaka ufunguo unapozungushwa, hata mchana, na kazi yake ni kutoa habari. Kila kundi lina njia yake ya umeme. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: zilizozimika ni zipi? Tuanze na kundi la kwanza.

2. Njia moja, taa nyingi

Katika magari mengi ya zamani, taa za kuangazia dashibodi hulishwa na fyuzi ileile inayolisha taa ndogo za mbele, taa nyekundu za nyuma na taa za namba ya gari. Katika magari ya Toyota fyuzi hiyo kwa kawaida huandikwa TAIL. Taa kubwa za mbele zina fyuzi zake. Ndiyo sababu dereva huona barabara vizuri ilhali nyuma ya gari hapana hata nuru moja. Lori linalokuja nyuma yake usiku halioni kitu hadi liwe karibu mno.

Jambo jingine huwadanganya wengi. Mara nyingi taa ya nyuma na taa ya breki hutumia globu moja yenye nyuzi mbili, wa wati 5 kwa taa ya nyuma na wa wati 21 kwa taa ya breki, na kila uzi hulishwa na fyuzi yake. Hivyo taa za breki zinaweza kuwaka vizuri kabisa, na za nyuma zikawa zimekufa. Anayepima taa za nyuma huku mguu ukiwa kwenye breki hajapima kitu.

3. Uchunguzi kwa utaratibu

Tunashauri hatua zifuatwe kwa mpangilio huu, kuanzia isiyo na gharama.

Hatua ya kwanza: zungusha kigurudumu cha kuongeza na kupunguza mwanga wa dashibodi. Kwa kawaida huwa karibu na usukani. Kitambaa cha mwoshaji au goti la abiria laweza kukishusha hadi mwisho, na mita zikazimika bila ya kosa lolote. Kama mwanga unarudi na kukatika unapokizungusha, kosa li katika kifaa hicho chenyewe.

Hatua ya pili: washa taa ndogo, uache breki, kisha umwombe mtu asimame nyuma ya gari. Jibu lake litagawa kazi yote sehemu mbili. Taa za nyuma zikiwa zimezimika pamoja na za dashibodi, kosa liko mwanzoni mwa njia: fyuzi, rilei, swichi ya taa au waya mkuu. Za nyuma zikiwaka na za dashibodi zikiwa gizani, kosa liko katika tawi la dashibodi: kidhibiti mwanga, plagi, globu au athi. Yapo magari yenye fyuzi ya pili iliyoandikwa PANEL kwa ajili ya tawi hilo, nayo itazamwe.

Hatua ya tatu: kagua fyuzi. Usitosheke kuitazama kwa macho. Chukua taa ya kupimia, uifunge waya wake kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha uguse vidoa viwili vya chuma vilivyo mgongoni mwa fyuzi huku taa za gari zikiwa zimewashwa. Taa ya kupimia ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka upande wowote, umeme haufiki hapo, na swichi au rilei ndiyo ya kuchunguzwa.

Hatua ya nne: kagua athi, yaani njia inayourudisha umeme kwenye bodi ya gari na hatimaye kwenye betri. Skrubu iliyolegea au iliyoshika kutu hutosha kuzima mita zote. Dalili yake ni mwanga unaofifia au kupepesa kila unapowasha indiketa au feni. Mwenye mita ya volti aipime: ncha moja kwenye waya wa athi wa dashibodi, ya pili kwenye kichwa hasi cha betri, taa zikiwa zinawaka. Kipimo kisizidi takriban volti 0.2. Kikizidi, fungua skrubu, kwangua kutu, kisha ukaze upya. Kazi hiyo haihitaji kununua kitu.

Hatua ya tano, ya mwisho: globu na sanduku la mita. Ikiwa sehemu moja tu ya mita ni giza, bila shaka kubwa ni globu iliyoungua au soketi yake iliyolegea. Kabla ya kulitoa sanduku la mita, fungua waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa. Lisivutwe kwa nguvu, kwani baadhi ya magari ya zamani yana kebo ya mwendo iliyofungwa nyuma yake, na mistari ya shaba iliyo mgongoni mwa sanduku hukatika upesi. Globu ndogo za diodi zina upande chanya na upande hasi. Moja isipowaka, igeuze kabla ya kuitupa.

Onyo: nyaya na plagi za rangi ya manjano zilizo chini ya usukani kwa kawaida ni za mfuko wa hewa wa usalama. Zisiguswe kwa taa ya kupimia wala kwa mita. Umeme kidogo waweza kuufyatua mfuko huo usoni mwa anayepima.

4. Fyuzi inayokatika kila mara

Hapa ndipo penye hatari kuu, nasi tunaomba pasomwe kwa makini. Fyuzi mpya ikikatika mara tu taa zinapowashwa, wapo watakaopendekeza iwekwe kubwa zaidi, au iliyokatika izungushiwe karatasi ya sigara au waya mwembamba. Tufanye hesabu.

Taa mbili za nyuma, mbili ndogo za mbele na mbili za namba, kila moja ya wati 5, ni wati 30. Tukiongeza wati 15 hivi za globu za dashibodi, jumla ni wati 45. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea zisizofika 4. Fyuzi ya ampea 10, ambayo ni nyekundu, ina nafasi ya kutosha kabisa. Ikikatika, si kwamba ni ndogo. Ni kwamba umeme umepata njia ya mkato, yaani kuna shoti.

Fyuzi imewekwa ili ikatike yenyewe kabla waya haujaungua. Joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara 3, joto huwa mara 9. Anayeitoa fyuzi nyekundu ya ampea 10 na kuweka ya kijani ya ampea 30 hajaondoa kosa, ameondoa mlinzi. Kuanzia hapo kitakachokatika ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, kati ya plastiki na zulia, mahali ambapo moto haufikiki kwa urahisi. Fyuzi irudishwe kwa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye kifuniko.

Shoti hutafutwa wapi? Kwanza ni kule ambako mikono ya watu imepita. Redio mpya inapofungwa, mara nyingi waya wa mwanga wa redio huachwa ukining'inia bila tepu. Ukigusa chuma, fyuzi hukatika. Kisha tazama nyaya zinazopita kwenye bawaba za mlango wa buti, kwani hukunjwa kila buti linapofunguliwa. Kisha soketi za taa za nyuma zilizoingiwa na maji, na taa za urembo zilizoongezwa baadaye.

Fundi mzuri hateketezi fyuzi kumi akitafuta. Huzitoa kwanza globu za nje, kisha mahali pa fyuzi huunganisha globu ya wati 21. Globu hiyo hairuhusu mkondo kuzidi ampea 2, hivyo nyaya haziumii. Shoti ikiwapo, globu huwaka kwa nguvu zake zote. Huchomoa plagi moja baada ya nyingine, na pale mwanga unapofifia sana, hapo ndipo kosa lilipo.

5. Taa za tahadhari

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya betri na ya oili zinapaswa kuwaka, kisha zizimike injini inaponguruma. Taa isiyowaka kabisa wakati huo si ishara ya usalama. Ni shahidi aliyenyamaza. Taa ya oili iliyoungua haitamwonya mtu oili itakapokwisha, na injini itaharibika kimya kimya. Taa ya betri ina jambo la ziada: katika magari mengi ya zamani, umeme wa kuiamsha alteneta hupita kwenye globu hiyo hiyo. Globu ikiungua, huenda alteneta isianze kuchaji, na mwenye gari akauziwa alteneta nyingine bure. Kipimo ni rahisi: injini ikiwa inazunguka, vichwa vya betri vinapaswa kuonyesha takriban volti 13.8 hadi 14.5.

6. Ukifika kwa fundi

Tuchukue mfano wa mwenye gari anayeambiwa, bila kipimo chochote, kwamba sanduku la mita limekufa na linunuliwe jingine lililotumika. Ana haki ya kuuliza: fyuzi imepimwa? Athi imepimwa? Taa za nyuma zinawaka? Fundi anayejua kazi yake hatakasirishwa na maswali haya. Aombe aelezwe kosa na bei kabla kazi haijaanza, arudishiwe vifaa vilivyotolewa, na apewe risiti inayotaja kazi iliyofanywa.

Sanduku la mita likibadilishwa kweli, kumbuka kwamba mara nyingi kilomita nazo hubadilika, kwa kuwa hesabu yake imo ndani ya sanduku hilo. Andikisha kwenye risiti kilomita za sanduku la zamani na za jipya. Bila maandishi hayo, anayelinunua gari baadaye atadhani amedanganywa, na huenda kweli akawa amedanganywa.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Malalamiko huwa na nguvu yakiambatana na risiti na kifaa kilichotolewa. Asiye na kimojawapo hubaki na maneno matupu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini taa za breki zinazowaka hazithibitishi kwamba taa za nyuma ni nzima?
2. Taa za nyuma zinawaka lakini mita zi gizani. Ni sehemu zipi nne utakazochunguza?
3. Gari lina taa za wati 60 kwenye fyuzi moja ya volti 12. Mkondo ni ampea ngapi, na je, fyuzi ya ampea 10 inatosha?
4. Taa ya betri haiwaki ufunguo unapozungushwa. Utapima nini kabla ya kununua alteneta?

Aliyeyajibu maswali haya afanye jambo moja leo jioni kabla ya kuondoa gari: awashe taa ndogo, ashuke, azunguke nyuma, atazame.