Uliza Jina Kabla ya Sindano

Katika komine ya Bulengera, mjini Butembo, kibao cha msalaba hakiko mbali na nyumba ya mtu. Posti ya afya hapa, dispanseri pale, na mbele kidogo chumba kimoja chenye kitanda na chupa ya seramu. Lakini kibao hakisemi nani atakuchoma sindano, na koti jeupe fundi yeyote anaweza kulishona. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, ugonjwa ulienea Beni na Butembo hata ndani ya vituo vya matibabu, vikiwemo vile vya "tradi-moderne", vinavyochanganya dawa za kienyeji na za kisasa. Watoto waliopelekwa kutibiwa malaria waliambukizwa humo. Kwa hiyo kuuliza si kumkosea mtu heshima.

Uliza kwa upole: "Munganga, samahani, jina lenu nani? Mulisomea wapi?" Daktari anapaswa kuwa ameandikishwa kwenye Ordre (baraza) ya madaktari, basi muombe nambari yake. Wauguzi nao wana Ordre yao, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Muuguzi A2 ametoka ITM, shule ya sekondari. A1 ametoka ISTM, chuo cha juu. Aliyesoma kweli hujibu bila hasira. Akikwepa au kukufokea, chukua mgonjwa wako uondoke.

Diploma ukutani haitoshi. Soma jina lililo juu yake, kisha uulize kama mwenye jina hilo ndiye atakayekuhudumia. Mara nyingi hatari iko hapo: jina la daktari liko kwenye kibao, naye hupita mara moja moja, na anayeshika kisu ni mwingine kabisa. Angalia pia ordonansi uliyopewa. Kama haina jina la aliyeiandika, sahihi wala muhuri, irudishe ijazwe kabla ya kununua dawa.

Halafu kuna swali ambalo watu wengi husahau: je, kazi hii ni yake? Muuguzi kuongoza kituo cha afya ni jambo la kawaida kwetu, na wengi wanaifanya kazi hiyo vizuri sana. Ila posti ya afya si mahali pa kupasua tumbo. Ukiambiwa mama afanyiwe upasuaji hapo hapo, dai barua ya kumhamishia hospitali kuu ya zoni.

Ukiwa na shaka, anza na RECO (mhudumu wa afya wa jamii) wa mtaa wako au muuguzi titulaire, yaani muuguzi mkuu, wa aire ya afya. Wanajua kituo kipi kinatambuliwa. Jibu lisipokutosheleza, nenda bureau central (ofisi kuu) ya zoni ya afya, Katwa au Butembo, kulingana na mahali unapokaa. Uliza kama kituo kina ruhusa ya kufanya kazi.

Mgonjwa akizidiwa usiku, usianze maswali haya yote; mkimbize hospitali kuu. Yaulize wiki hii, wakati nyumbani hakuna anayeumwa, na majirani uwaambie ulichojibiwa.