Siku za Kungoja katika Bima ya Matunzo ya Muda Mrefu

Wengi katika sisi wasemao Kiswahili tuliohamia Marekani tumeipata riziki yetu kwa kuwahudumia wazee wa watu, kuwaogesha, kuwavisha na kuwalisha, majumbani mwao na katika nyumba za kutunzia wazee. Kwa hiyo yatupasa sisi kuliko wengine kujua ni nani atakayeilipia huduma hiyo zamu yetu itakapofika. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba Medicare, ile bima ya serikali ya wazee ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini mwaka 1965, itabeba yote. Haibebi. Hulipia kituo cha uuguzi kwa siku zisizozidi 100, tena aghalabu baada ya mgonjwa kulazwa hospitali kwa siku 3, na kwa sharti kwamba ahitaji uuguzi wa kitaalamu. Na hata katika hizo 100, ni 20 za mwanzo tu zilipwazo zote. Ama kuogeshwa na kuvishwa nyumbani mwaka nenda mwaka rudi, hilo si fungu lake. Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, hulipia, lakini humtaka mtu awe amekwisha kuimaliza karibu akiba yake yote. Hapo katikati ndipo ilipo bima ya matunzo ya muda mrefu.

Nilianza kuzichambua hati za bima hii pale shangazi yangu, aliyeikata zamani akiwa bado kazini, alipopooza upande mmoja wa mwili, akaniita na kuniambia, "Mwanangu, chukua makaratasi haya unisomee, nijue haki yangu i wapi." Tangu hapo nimewasomea jamaa na majirani, na kila mara naanza mahali pamoja, yaani kwenye siku za kungoja, ijapokuwa mwenye hati hutaka kwanza kujua atalipwa dola ngapi.

Kabla ya siku hizo kuanza kuhesabiwa, sharti ithibitike kwamba mwenye bima amestahiki. Kwa hati zenye nafuu ya kodi, sheria ya mwaka 1996 imeweka milango miwili: ama mtu ashindwe bila msaada kufanya angalau mambo 2 katika 6, nayo ni kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kujizuia haja, na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, ama akili yake iwe imedhoofika kiasi cha kuhitaji kuangaliwa asije akajidhuru. Katika mlango wa kwanza, daktari, au muuguzi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni, hutoa cheti kwamba hali hiyo yatazamiwa kudumu siku 90 au zaidi. Tafadhali usizichanganye siku 90 hizi na siku za kungoja. Hizi za cheti ni makadirio ya ugonjwa, wala hazikuzuii kulipwa. Zile za kungoja ni siku ambazo dhima ya malipo i juu yako wewe.

Siku za kungoja huchaguliwa wakati wa kukata bima, nazo aghalabu ni 0, 30, 60, 90 au 180, na wengi huchukua 90. Kadiri zinavyozidi ndivyo ada ya bima inavyopungua. Mimi hushauri zigeuzwe pesa papo hapo. Tuseme mhudumu hutozwa dola 30 kwa saa, naye huja saa 6 kwa siku: hizo ni dola 180, na kwa siku 90 ni dola 16,200, ambazo lazima ziwe katika akiba yako kabla ya kampuni kutoa hata senti moja. Kisha tafuta siku hizo zahesabiwaje, maana hapa ndipo hati mbili zilizoandikwa 90 zinapoachana kabisa. Ikiwa ni siku za kalenda, basi tangu siku uliyostahiki kila siku inayopita yahesabiwa, mhudumu akija au asije. Anayehudumiwa mara 3 kwa wiki atakuwa amelipa siku kama 39 tu, yaani dola 7,020, muda unapomalizika. Ikiwa ni siku za huduma, huhesabiwa zile tu ambazo mhudumu wa kulipwa alikuja, na mtu huyo huyo atangoja wiki 30, karibu miezi 7, naye atazilipa dola 16,200 zote. Zipo pia hati zinazohesabu siku moja ya huduma kuwa ni wiki nzima, na hiyo ni nafuu kubwa.

Jambo hili latugusa sisi hasa, madhali kwetu mzee akiugua hutunzwa kwanza na binti yake, mkwewe au mjukuu wake, bila malipo. Chini ya hati ya siku za huduma, kazi hiyo yote, ijapokuwa ni ya thawabu na ya usiku na mchana, aghalabu haihesabiwi hata siku moja. Hati ya shangazi ilikuwa ya namna hiyo. Basi tukaiandikia barua kampuni ya bima siku ile ile shangazi alipopata cheti, tukaajiri mhudumu kutoka kampuni yenye leseni kwa saa chache kila siku, na binti yake akaendelea na kazi ya usiku. Kila stakabadhi tuliiweka, maana kampuni huzitaka ziwe ithibati hata za siku ambazo haitazilipia. Uliza pia kama muda wa kungoja hutimizwa mara moja tu maishani au huanza upya kila mtu anapopona na kuugua tena, na kama huduma ya nyumbani imesamehewa muda huo, kwani zipo hati zinazousamehe.

Kima cha malipo nacho kina hesabu yake. Dola 200 kwa siku kwa miaka 3 ni hazina ya dola 219,000; katika hati nyingi, ukitumia dola 100 tu kwa siku, hazina hiyo itakufikisha miaka 6. Kima cha mwezi ni bora kuliko cha siku kwa anayehudumiwa nyumbani, kwa sababu siku ya gharama kubwa hufidiwa na siku isiyo na gharama. Hati nyingi hurudisha gharama zilizothibitishwa; nyingine, zenye ada kubwa zaidi, hutoa pesa taslimu, ambazo waweza kumpa hata binti yako. Na wewe unayekusudia kurudi Tanga au Mombasa uzeeni, uliza kwa maandishi kama hati italipa nje ya Marekani, kwani nyingi hazilipi, au hulipa kwa mipaka.

Kuhusu nyongeza ya kila mwaka ya kima hicho sina shaka. Dola 150 za leo, zikiongezwa asilimia 5 juu ya kima cha asili peke yake, baada ya miaka 20 zitakuwa 300. Zikiongezwa asilimia 5 juu ya kima pamoja na nyongeza zilizotangulia, zitakaribia 398. Zisipoongezwa, zitabaki 150 ilhali ujira wa wahudumu umekwisha kupanda. Mwenye umri wa miaka 50 na pesa haba heri apunguze miaka ya kulipwa kuliko kuiacha nyongeza.

Ada yenyewe haibaki kima kimoja milele: kampuni zimekuwa zikiipandisha kwa idhini ya mamlaka za majimbo, na wazee wengi wameelemewa. Mteue mtu wa pili wa kuarifiwa ada isipolipwa, maana maradhi ya kusahau humfanya mwenye bima asahau hata kuilipia. Na katika majimbo mengi, tangu hati ikufikie mkononi una siku 30 za kuirudisha na kurudishiwa pesa zako zote. Nakusihi, ndugu msomaji, uzitumie siku hizo kumwandikia wakala swali moja, nawe umtake akujibu kwa maandishi: siku zangu za kungoja ni za kalenda, au ni za huduma?