Kuitengeneza Motakaa Kuukuu Nyumbani

Mwaka 1893 kijana mmoja wa mji wa Oxford, katika nchi ya Uingereza, alianza kutengeneza baisikeli za watu nyumbani kwa wazazi wake. Umri wake ulikuwa miaka 16, na mtaji wake pauni 4 tu. Jina lake aliitwa William Morris. Miaka 20 baadaye, yaani mwaka 1913, alitoa motakaa yake ya kwanza, na kiwanda chake kilichokuwa Cowley, karibu na mji ule, kikaja kuwa kikubwa sana. Motakaa tutakayoisoma katika somo hili ilitoka katika kiwanda hicho. Yaitwa Morris Minor, nayo ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini London mwaka 1948.

Aliyeibuni ni Alec Issigonis. Siku za mwisho, kabla motakaa haijaanza kutengenezwa kwa wingi, aliiona kuwa nyembamba mno. Basi akaamuru ile ya mfano ikatwe katikati kwa urefu, toka mbele hata nyuma, akazitenga nusu zile mbili mpaka umbo lake likampendeza. Ikaongezeka upana wa inchi 4. Lakini bampa za mbele zilikuwa zimekwisha kufanywa, wala haikufaa kuzitupa. Kwa hiyo zikakatwa katikati, zikaungwa kwa kipande cha inchi 4. Morris mwenyewe, ambaye wakati ule alikuwa Lord Nuffield, hakuipenda hata kidogo. Alisema yafanana na yai lililopikwa majini bila gamba. Watu hawakumfuata. Ndiyo motakaa ya kwanza ya Uingereza iliyopata kufika hesabu ya milioni moja, na mpaka ilipokoma kutengenezwa, mwanzo wa miaka ya 1970, zilikuwa zimetoka zaidi ya 1,600,000.

Nyingi katika hizo zimekwisha kuwa chuma chakavu. Lakini ziko zilizobaki katika mabanda ya watu, na wako watu wanaozinunua kwa bei ndogo ili wazirudishe katika hali yake ya kwanza. Mtu wa namna hii si fundi kwa kazi yake. Huenda mchana ni karani, au mwalimu, au muuza duka. Jioni huvaa nguo za kazi akaingia chini ya motakaa. Kazi hii yampendeza, nasi hatuna neno juu ya hilo. Ila liko jambo moja linaloifanya kuwa zaidi ya mchezo. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uingereza haimshurutishi mwenye motakaa iliyopita miaka 40, kama haikubadilishwa sana, kuipeleka ikaguliwe kila mwaka. Basi mkaguzi ni yeye mwenyewe. Kitu asichokitazama yeye, huenda hakuna mwingine atakayekitazama, naye atawapakia watoto wake humo na kwenda nao barabarani.

Sasa tuifuate kazi yenyewe. Neno la kwanza ni kutazama, si kufungua. Mtu mwenye haraka hushika spana siku ile ile, akafungua kila kitu, na baada ya majuma mawili motakaa imekuwa makasha 30 ya vyuma asivyovijua. Motakaa nyingi zilizoanzwa hivyo huuzwa zikiwa katika makasha yale yale. Mwenye busara huchukua daftari. Kabla hajaondoa kitu huchora jinsi kilivyokaa, au hukipiga picha; kila waya huufunga karatasi ndogo yenye jina lake; nati na skrubu za mahali pamoja huzitia katika kopo moja na kuandika juu yake. Tena hufungua sehemu moja, akaimaliza na kuirudisha, ndipo aende kwenye nyingine.

Adui mkubwa ni kutu. Mmepata kuona jembe lililosahauliwa katika majani mabichi, jinsi linavyogeuka rangi na kumomonyoka. Chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu, na chumvi huihimiza. Wakaao Mombasa na Unguja wajua jinsi upepo wa bahari unavyoyala mabati. Uingereza nayo ina chumvi yake: wakati wa baridi kali hunyunyiza chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na magurudumu huirusha chini ya motakaa pamoja na tope. Tope lile hukaa katika pembe za ndani za madigadi, katika sakafu, mahali springi za nyuma zinaposhikwa, na zaidi sana katika mihimili iliyo chini ya milango.

Hapo ndipo ilipo hatari isiyoonekana. Malori huwa na fremu ya chuma kinene chini, na mwili wake umewekwa juu tu. Morris Minor haikuundwa hivyo. Mwili wake wenyewe ndio mifupa yake, na ile mihimili ya chini ya milango ni kama uti wa mgongo. Aliyeiuza huenda aliijaza mihimili iliyooza kwa puti akaipaka rangi ikang'aa kama mpya. Mnunuzi atajuaje? Achukue sumaku, aifunge kitambaa chembamba isikwaruze rangi, aipitishe polepole. Penye chuma hunata. Penye puti nene huanguka. Kisha agonge kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya mtungi wenye ufa. Mwisho afungue mlango na kuufunga. Ukishuka ulipofunguliwa, au nafasi yake ikiwa pana juu na nyembamba chini, aangalie kwanza bawaba zake. Zikiwa nzima, basi mwili umeinama.

Mhimili uliooza hukatwa, na mpya huchomelewa mahali pake. Lakini akiikata mihimili ya pande zote mbili pamoja, pasipo kuuegemeza mwili, motakaa itajikunja katikati kama kitanda kilichovunjika mfumbati, na akisha kuchomelea katika hali ile, milango haitafunga tena kamwe. Kwa hiyo kwanza huchomelea fimbo za chuma katika nafasi ya mlango, toka nguzo ya mbele hata ya nyuma, hupima kwa utepe mara nyingi, kisha hukata upande mmoja tu. Issigonis alikata motakaa nzima vipande viwili na haikumharibikia, kwa sababu alijua kipimo alichokitaka. Kwa maoni yangu kuchomelea ndiyo kazi ambayo asiyeizoea angeifanya vema kumwachia fundi, au kujifunza kwanza kwa vipande vya bati visivyo na kazi.

Baada ya mwili twende kwenye magurudumu ya mbele, na hapa ningependa msome polepole. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mguu wa chuma uliosimama wima. Chini ya mguu huo pana mikato kama ya skrubu, nao umeingia katika kiungo chenye mikato ya namna ile ile kwa ndani. Dereva akizungusha usukani, mguu huzunguka kidogo katika kiungo, kama skrubu katika nati. Ni ufundi mzuri, na huifanya motakaa iitii mikono upesi. Ila mikato ile yataka grisi daima. Ikikosa grisi husagika kidogo kidogo, wala dereva hasikii kitu. Siku moja, mara nyingi akiwa anakata kona kali au anaegesha, mikato iliyobaki huachia, mguu hutoka katika kiungo, gurudumu hulala chini ya madigadi, na motakaa huanguka pua chini. Ikitokea polepole uani, hasara ni bati. Mtu asiombe itokee barabarani penye mwendo wa maili 50 kwa saa.

Dawa yake ni rahisi mno. Wenye ujuzi wa motakaa hizi hushauri zitiwe grisi kila maili 1,000, gurudumu likiwa limeinuliwa juu ili uzito usikibane kiungo, nayo grisi mpya ishindiliwe mpaka ile chafu itoke nje. Gurudumu likiwa limeinuliwa hivyo, mtu hulishika juu na chini akalitikisa. Likicheza, atafute ni nini kinachocheza. Na kama ni kiungo kile, asiendeshe mpaka kimebadilishwa.

Breki za motakaa hii huendeshwa kwa mafuta yake maalum. Dereva akikanyaga pedali, pampu huyasukuma mafuta katika mabomba membamba hata kwenye magurudumu yote manne, na kwa kuwa mafuta hayabanwi yakapungua, nguvu ya mguu hufika kule kule. Lakini mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Yakikaa miaka mingi maji huongezeka ndani yake. Breki zikipata moto mteremkoni maji yale hugeuka mvuke, na mvuke hubanwa kwa urahisi. Hapo dereva hukanyaga pedali ikaenda mpaka sakafuni pasipo kitu. Tena njia ya mafuta ni moja kwa magurudumu yote, hivyo bomba moja likipasuka yote manne hukosa breki, ikabaki ya mkono tu, ambayo hushika ya nyuma kwa nyaya. Basi mabomba yenye kutu hayapigwi msasa yakarudishwa, hutupwa. Pampu yenyewe imefichwa chini ya sakafu, miguuni pa dereva, nayo ni taabu kuitoa. Labda kwa sababu hiyo wengi huiacha kama ilivyo.

Kuutoa upepo katika mabomba hutaka watu wawili. Baba yuko chini ameshika spana, mtoto amekaa kitini.

“Kanyaga!”

“Nimekanyaga, Baba.”

“Shikilia hapo hapo. Usiachie mpaka nikuambie.”

Baba hufungua skrubu ndogo, mafuta hutoka na mapovu, huifunga tena, ndipo aseme, “Achia.” Hufanya hivyo gurudumu baada ya gurudumu mpaka mapovu yakome na pedali iwe ngumu. Mtoto akiachia mapema upepo huingia tena, na kazi yote huanza upya.

Juu ya injini sitasema mengi, ingawa ndiyo kila mtu atakayo kuanza nayo. Kama imelala miaka mingi isiwashwe kwa ghafula. Huondolewa plagi zote nne, hutiwa mafuta kidogo katika kila silinda, huachwa usiku kucha, kisha huzungushwa kwa mkono kwa kile kishikio cha mbele. Ikizunguka bila kukwama, ni habari njema. Cheche ndiyo hukosekana mara nyingi. Viko vipande viwili vidogo vya madini vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke; vikiachana, nafasi yake iwe inchi 0.015, yaani unene wa karatasi chache tu, na nafasi ya plagi inchi 0.025. Na nyaya za plagi zisichanganywe: silinda huwaka kwa zamu, ya 1, kisha ya 3, ya 4, na ya 2.

Nisipite pasipo kutaja hatari za bandani, maana ziko zinazoua. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Kabla mtu hajaingia chini, motakaa ikalishwe juu ya vigingi vya chuma vilivyofanywa kwa kazi hiyo, sakafu iwe ngumu na sawa, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari. Injini isiachwe inguruma katika banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu. Mtu husinzia asiamke. Petroli isiwe karibu na mashine ya kuchomelea. Na vumbi la ngoma za breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, kwa kuwa huenda lina asbesto, ambayo huharibu mapafu miaka mingi baadaye; hufutwa kwa kitambaa kilicholowa.

Rangi ni ya mwisho, nayo hufuata kazi ya msasa mrefu wa kuchosha. Siku ya kwanza ya kutoka, mwenye motakaa haendi mjini kuonyesha watu. Huipeleka polepole mahali patupu, akajaribu breki kwa mwendo wa mtu atembeaye, kisha kwa mwendo wa baisikeli, akiangalia kama yavuta upande mmoja. Akirudi huikaza tena kila nati ya gurudumu, na usiku hutandika karatasi safi chini ya motakaa, toka mbele hata nyuma. Asubuhi huisoma karatasi ile. Tone jeusi katikati ni mafuta ya injini, na motakaa za umri huu hudondosha kidogo. Lakini tone jembamba, la rangi ya maji ya chai, karibu na gurudumu au chini ya miguu ya dereva, ni la breki, na siku hiyo motakaa haitoki bandani.