Chagua Kwanza, Chapa Baadaye: Picha za Sherehe Bila Ugomvi

Somo hili ni la kusomwa katika kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni. Linawafaa vijana wanaofanya kazi ya kupiga picha, na pia akina mama na akina baba wanaowaita wapiga picha kwenye harusi, Komunyo ya Kwanza, mahafali na mazishi.

LENGO LA SOMO

Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze kueleza mambo matatu:
1. Kwa nini mteja achague picha kabla hazijachapwa.
2. Jinsi albamu ya mtandaoni inavyofanya kazi.
3. Jinsi ya kulinda pesa za mpiga picha, haki ya mteja na heshima ya watu walio ndani ya picha.

SHIDA IKO WAPI?

Picha ni kitu kidogo, lakini ugomvi wake unaweza kuwa mkubwa. Tuchukue mfano. Kijana wa kikundi anaitwa kwenye harusi na anapiga picha 240. Anarudi nyumbani, anakopa pesa, anachapa picha 100 anazoona yeye ni nzuri, anazipeleka kwa mwenye sherehe. Mama wa bibi harusi anazipitia moja moja.

"Kijana wangu, hii mbona nimefumba macho? Na hizi tano ni za watu wa meza moja tu. Shangazi yetu aliyetoka mbali yuko wapi?"

"Mama, shangazi yuko, lakini ile sikuichapa."

Sasa hapo ndipo shida inaanza. Tuseme kuchapa picha moja kunamgharimu Sh. 40 na anaiuza Sh. 100. (Bei hizi ni za mfano tu, nyinyi mtatumia bei za kwenu.) Kuchapa picha 100 kumekula Sh. 4,000. Mama anachukua picha 65 na kulipa Sh. 6,500. Kijana anabaki na Sh. 2,500 na picha 35 ambazo hakuna mtu mwingine duniani atakayezinunua. Kama mama angechagua kwanza, kijana angechapa zile 65 tu kwa Sh. 2,600 na kubaki na Sh. 3,900. Tofauti ni Sh. 1,400. Hiyo ni pesa iliyotupwa kwa sababu ya kutouliza.

Mteja naye ana kilio chake. Kuna anayelipa pesa yote siku ya sherehe, halafu mpiga picha haonekani tena. Kila akipigiwa simu anasema, "Kesho." Kwa hiyo shida si ya upande mmoja. Kila mmoja anamwogopa mwenzake.

ZAMANI ILIKUWAJE?

Jambo hili si geni. Wakati wa kamera za filamu, filamu ya kawaida ilitoa picha 36. Studio nyingi zilipanga vipande vya negativu juu ya karatasi moja na kuzichapa zote kwa pamoja, picha ndogo ndogo kama stempu. Mteja alizitazama kwa kioo cha kukuza, akaweka alama kwa penseli kwenye zile alizotaka, na hizo peke yake ndizo zilizokuzwa.

Studio nyingine za Ulaya na Marekani zilikuwa na ujanja wao. Zilimpa mteja picha za kuchagulia zilizochapwa kwenye karatasi ambayo haikutiwa dawa ya kuidumisha. Akikaa nazo kwenye mwanga, zinaendelea kuwa nyeusi mpaka hazifai. Basi ilimbidi arudi kuagiza na kulipia picha za kweli. Mnaona? Hata wakati huo mpiga picha alitaka mteja aone, lakini asichukue kabla ya kulipa.

ALBAMU YA MTANDAONI NI NINI?

Siku hizi karatasi ile imegeuka kuwa albamu kwenye intaneti. Ziko huduma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Pixieset, ShootProof na Pic-Time. Mpiga picha anaweka picha za kuchagulia huko, kisha anamtumia mteja linki kwa WhatsApp au kwa ujumbe wa kawaida wa simu. Mteja anabonyeza linki, anaona picha, na akiipenda moja anagusa alama ya moyo. Picha zenye moyo zinajipanga kwenye orodha moja, na mpiga picha anaiona orodha hiyo akiwa mahali pengine kabisa. Mteja hahitaji kusafiri mpaka mjini, na kijana hahitaji kubeba picha 100 kwenye mfuko akizunguka vijiji.

Kikundi ambacho bado hakiwezi kulipia huduma kama hizo kinaweza kuanza na albamu ya Google Photos, ambapo watu waliopewa linki wanaweza kutazama na kuandika maoni. Lakini huko mteja anaweza kuhifadhi picha anazoziona. Kwa hiyo msiweke picha kubwa. Wekeni zile ndogo zenye alama, kama tutakavyoeleza hapa chini.

HATUA NANE ZA KUFUATA

1. Patana kabla ya sherehe. Andikeni kwenye daftari: tarehe, bei, dipoziti, idadi ya picha, siku ya kuonyesha na siku ya kukabidhi. Wote wawili watie sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Hifadhi picha mahali pawili. Siku ile ile ya sherehe, nakili picha kutoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye kompyuta, na nakala nyingine kwenye diski au flashi. Usifute kadi mpaka mteja apokee kazi yake. Harusi hairudiwi.

3. Pepeta. Ondoa picha za waliofumba macho na zenye ukungu. Mteja akionyeshwa picha 240 anachoka na kuchanganyikiwa. Mwonyeshe 100 nzuri, lakini hakikisha watu muhimu wa familia wote wamo.

4. Punguza ukubwa na weka alama. Picha kutoka kwenye kamera nzuri inaweza kuwa na MB 10. Picha 200 za namna hiyo ni karibu GB 2, na bando la mteja litaisha kabla hajafika katikati. Ukizipunguza mpaka upande mrefu uwe pikseli 900, kila moja inakuwa kama KB 200, na zote 200 ni kama MB 40 tu. Kisha andika jina la studio kwa herufi nyepesi katikati ya kila picha. Usiweke pembeni, kwa sababu pembeni panakatwa kwa urahisi.

Mtu anaweza kuuliza, "Na mteja akipiga picha skrini ya simu yake?" Anaweza, na hakuna huduma inayozuia hilo kabisa. Lakini atapata picha ndogo yenye jina la studio katikati. Picha ya inchi 4 kwa 6, ikichapwa vizuri, inataka kama pikseli 1,800 kwa upande mrefu. Ile ya 900 ina nusu tu, na akijaribu kuikuza mpaka ukubwa wa A4 itatoka na ukungu.

5. Tuma linki pamoja na tarehe. Usiseme, "Angalia ukipata nafasi." Sema, "Tafadhali chagua picha 65 kabla ya Jumamosi tarehe fulani." Bila tarehe kazi hulala, na pesa yako hulala nayo.

6. Mchaguzi awe mmoja. Bibi harusi anataka hizi, mama mkwe anataka zile, na kila mmoja ana linki. Patana mapema nani ndiye mwenye neno la mwisho. Wengine watoe maoni kwake, si kwa mpiga picha.

7. Soma orodha tena, pokea malipo, ndipo uchape. Kila picha ina nambari iliyopewa na kamera, kwa mfano IMG_0457. Mtumie mteja orodha ya nambari hizo na angoje jibu lake: "Ndiyo, ni hizo." Weka jibu hilo. Sasa apokee bei kamili na alipe iliyobaki. Hapo ndipo unarekebisha rangi na kuchapa. Chapa moja kwanza uitazame, kwa sababu skrini ya simu ina mwanga wake yenyewe na karatasi haina. Picha inayong'aa kwenye simu inaweza kutoka na giza kwenye karatasi.

8. Kabidhi na ufunge. Mteja ahesabu picha na kutia sahihi kwamba amepokea. Halafu funga albamu ya mtandaoni. Kama mlipatana pia apewe picha za simu, usizitume WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana huzipunguza ubora. Zitume kama dokumenti.

WASIO NA SIMU YA KISASA

Wazee wengi wana kabambe tu, na wengine macho hayaoni vizuri. Msiwaache nyuma. Mwanakikundi mwenye simu kubwa au kompyuta ndogo aketi na nyanya au mzee nyumbani kwake, amwonyeshe picha polepole, na aandike nambari anazochagua kwenye daftari. Mwisho amsomee: "Nyanya, umechagua picha kumi na mbili, na hii ya pamoja na wajukuu unataka mbili. Ni sawa?" Njia nyingine ni kuchapa picha ndogo 20 kwenye karatasi moja ya A4, kila moja na nambari yake. Karatasi tano zinatosha picha 100, na saiba yoyote yenye mashine ya kuchapa inaweza kuifanya kazi hiyo.

LINKI NI MLANGO

Hili ni jambo kubwa kuliko pesa. Linki isiyo na neno la siri ni kama mlango usio na kufuli. Aliyetumiwa akimpa jirani, na jirani akiiweka kwenye kundi la WhatsApp la watu 200, wote wameingia. Sasa fikiria albamu ina picha za watoto wa shule, au za mjane akilia kando ya kaburi. Weka neno la siri, mpe mteja peke yake, na kwa njia tofauti na linki.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa habari yake binafsi, na kwa mtoto ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi. Mwaka wa 2023, mwezi wa Septemba, ofisi ya Kamishna wa Data ilitangaza faini ya Sh. 4,550,000 kwa shule moja iliyotangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Mahali pamoja pa burudani palitozwa Sh. 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Kwa hiyo kijana, ukitaka kutumia picha ya bibi harusi kutangaza kazi yako kwenye Facebook, muulize kwanza, na umwandikishe.

Na picha ni mali ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao wamepatana vingine. Wapiga picha wengi hawajui hili, hudhani kila kitu ni chao. Wateja nao wengi hudhani dipoziti imemaliza mambo. Basi sentensi mbili kwenye daftari zitawaokoa wote: nani ana haki ya kuzitumia picha, na kwa kazi gani.

SHAURI KWA MTEJA

Usilipe pesa yote kabla ya kuona picha za kuchagulia. Lipa dipoziti mliyopatana, upewe risiti. Lakini usimsumbue kijana akupe picha kubwa "uziangalie tu" kabla hujamaliza deni. Picha za kuchagulia zimewekwa ili nyinyi wawili msilazimike kuogopana: wewe umeona kazi, naye bado ameshika mali yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika kijiji chetu umewahi kutokea ugomvi juu ya picha? Ulianzia hatua gani kati ya zile nane?
2. Katika familia yenu, nani angekuwa mchaguzi wa mwisho? Kwa nini?
3. Ni picha za namna gani ambazo hazifai kuwekwa mtandaoni hata kama mwenye sherehe amekubali?
4. Tutawasaidiaje wazee wasio na simu ya kisasa wachague picha zao wenyewe?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Katibu aandike ukurasa mmoja wa mapatano wenye nafasi ya bei, dipoziti, idadi ya picha, jina la mchaguzi, tarehe ya kuchagua, tarehe ya kukabidhi na ruhusa ya kutumia picha. Kisha vijana wawili wapige picha 20 za shughuli za kikundi, wakiwa wameomba ruhusa ya watakaopigwa, na wazipunguze, waziwekee alama na kuzitia kwenye albamu ya bure. Wanakikundi wachague tano. Mweka hazina achape hizo tano tu, na alete risiti kwenye mkutano.