Sidii ya Harusi Imegoma Kutoka

Mdogo wangu wa Kojani, ujumbe wako nimeupata. Sidii ya harusi imeingia kwenye laptopu na imekataa kutoka, mume yuko dago, kambini kwa wavuvi, na shemeji ameshajitolea kuivusha mashine aipeleke Wete kwa fundi. Mwambie shemeji ahsante, ila angoje kwanza.

Sina ugomvi na mafundi. Kinachonitia wasiwasi ni kilichomo ndani. Umeniambia ni shughuli ya upande wa wanawake: vichwa wazi, ngoma imekolea, mama zako na mashangazi humo humo. Kila mmoja wao alikubali kupigwa picha akijua watatazama wanawake wenziwe. Sasa fundi akishaitoa, si ataijaribu aone kama inacheza? Na ataijaribia dukani, kioo kimeelekea barabarani. Afadhali itoke mikononi mwako, maana kazi yenyewe haihitaji usomi wowote.

Tuanze kwa kujua anayegoma ni nani, kompyuta au mlango. Mara nyingi programu inayochezesha video bado imeing'ang'ania sidii, na kitufe utakibonyeza mpaka kidole kiume. Funga programu zote. Nenda panapoonekana alama ya draivu ya sidii, bonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague palipoandikwa Eject. Ikikataa, izime mashine, uiwashe tena, na papo hapo, kabla Windows haijaamka, bonyeza kitufe cha mlango. Wakati huo hakuna programu ya kuishikilia, na nyingi hutokea hapo hapo.

Haikutoka? Tazama uso wa draivu, karibu na kitufe. Kuna kitundu kidogo hata ncha ya peni haiingii. Watengenezaji wamekiweka kwa siku kama hii. Kwenye kompyuta ya mezani pengine kimejificha nyuma ya kifuniko cha mbele, na draivu nyingine za zamani zina tundu kubwa la hedifoni pembeni, silo hilo. Tafuta kibanio cha karatasi, kile cha waya, mwalimu yeyote wa skuli hakosi, ukinyooshe. Sindano ya kushonea ni nyembamba mno, itakatikia ndani. Na ndoana, nawajua nyinyi watu wa Kojani, ndoana mnazo nyumba nzima, ziwekeni mbali! Ukiipenyeza kwenye upenyo wa mlango itanasa kitu kingine kabisa, pengine lile jicho la leza linalosoma sidii.

Izime mashine kabisa na uichomoe kwenye umeme. Hili usiliruke, kwa sababu sidii haitakiwi iwe inazunguka wakati unasukuma. Ingiza waya ukiwa umenyooka, bila kuuelekeza juu wala chini, mpaka uhisi umegota, kisha kandamiza kwa nguvu kiasi. Kwenye laptopu mlango utafyatuka kidogo, nawe uumalizie kwa vidole. Kompyuta ya mezani ni ngumu zaidi: waya unasukuma gia, trei inachungulia milimita chache, na iliyobaki unaivuta mwenyewe polepole. Humo ndani mna mpira mdogo unaozungushwa na mota, na ukizeeka hulegea. Trei ikigoma mara kwa mara, mtuhumiwa wa kwanza ni mpira huo, nao hubadilishwa bila kununua draivu nyingine. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, hatutegemei tena majenereta ya Wesha, lakini umeme bado hukatika. Ukikatika na sidii imo kwenye kompyuta ya mezani, njia ni hiyo hiyo ya kitundu.

MacBook za zamani humeza sidii kwenye mwanya na hazina kitundu. Iwashe huku umekandamiza kitufe cha mausi, usiachie mpaka iteme. Kisu cha jikoni hakihusiki.

Mlango ukifunguka na sidii bado imeng'ang'ania kitovuni, usiivute kwa ukingo ikapasuka. Kandamiza kitovu kwa kidole gumba, uinue ukingo kwa mkono wa pili. Kisha itazame juu. Kama mpiga video aliibandika karatasi yenye picha ya maharusi, nashuku ndiyo iliyokunasia: gundi hulegea kwa joto na unyevu, karatasi ikafanya pembe, pembe ikashika. Na ukiona ufa, hata mdogo, usiirudishe kwenye mashine. Draivu ya kasi ya 52 huizungusha sidii kama mara 10,000 kwa dakika, na yenye ufa inaweza kupasukia ndani ikawa vipande vikali.

Yote yakishindikana, toa draivu nzima. Kwenye laptopu nyingi imeshikwa na skrubu moja tu upande wa chini. Ukiifungua, draivu inateleza nje kama mtoto wa meza. Hiyo ndiyo ivuke kwenda Wete, imefungwa vizuri isipate maji ya chumvi, na laptopu yenye picha zako nyingine ibaki nyumbani. Shemeji asiiache dukani, akae hapo hapo. Fundi aambiwe wazi: draivu aivunje akitaka, sidii asiiguse uso, na kuijaribu hakuna haja.

Ikitoka salama, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, halafu inakili kwenye flashi siku hiyo hiyo. Kama ni VCD, unalolitafuta ni faili la DAT kwenye folda ya MPEGAV. Kama ni dividii, nakili folda yote ya VIDEO_TS. Programu ya VLC huzicheza zote. Sidii hubeba MB 700, dividii ya kawaida GB 4.7, kwa hiyo flashi ya GB 16 inakutosha na nafasi inabaki. Nakili kwenye flashi ya pili pia, umpe mama akuwekee.

Na sidii zilizokufa usiwape watoto wachezee, wala usizitupe jaani zikiwa nzima. Sidii ya kawaida inaharibika ukiikwaruza kwa msumari upande wenye maandishi, maana picha zimelala chini kidogo ya hapo. Dividii imezificha katikati ya tabaka mbili za plastiki, mkwaruzo hauzifikii. Hiyo izungushie khanga chakavu, uikunje mpaka ikatike vipande vipande.