Barua Pepe Ikifika Mara Mbili, au Ikimfikia Mtu Siye

Mhasibu analalamika kwamba ankara ileile imemfikia mara mbili, nusura ailipe mara mbili. Meneja mauzo naye anauliza kwa nini haoni barua za wateja wanaoandika kupitia tovuti ya kampuni. Mafundi wengi hapo hukimbilia kuzima na kuwasha seva, jambo lisilosaidia kitu zaidi ya kuwatuliza wakubwa kwa saa moja. Barua pepe hubeba historia ya safari yake. Isome kwanza.

Usikubali mlalamikaji akuforwadie barua hiyo, maana utapata historia ya kuforwadi tu. Keti kwenye kompyuta yake, fungua barua, uchague kuonyesha chanzo chake. Utaona mistari inayoanza na neno Received. Kila seva iliyoipokea imeongeza mstari wake juu ya ile iliyotangulia, kwa hiyo anzia chini upande juu. Kisha tafuta Message-ID. Nakala mbili zikiwa na Message-ID tofauti, kwa kawaida aliyetuma mara mbili ni mtumaji. Zikiwa na moja, linganisha mistari ya Received: pale inapoanza kuachana ndipo nakala ilipozaliwa.

Isipoachana popote, hadi namba ya foleni, itazame programu ya mhasibu. Aghalabu inatumia POP, imeagizwa iache barua kwenye seva, na imepoteza orodha ya zile ilizokwisha kupakua. Ikiachana ndani ya seva yako, angalia kama mhasibu ameandikiwa yeye na pia kikundi cha uhasibu ambamo yumo. Postfix ina mtego wa ziada: barua inapoingia, majina ya vikundi hufumuliwa kuwa anwani za watu, ikipelekwa kwenye kichujio cha virusi na kurudi, hufumuliwa tena, na mtu mmoja aweza kupata mbili. Dawa ni kuweka no_address_mappings kwenye receive_override_options, upande wa kabla ya kichujio.

Na ikiwa seva ya nje ndiyo iliyobisha hodi mara mbili? Mtumaji akishamaliza kutuma maneno, husubiri jibu la 250. Kichujio chako kikijivuta, au mtandao ukikatika sekunde hizo, mtumaji hudhani barua haikupokelewa na kuirudia baadaye, ilhali wewe umekwisha kuihifadhi. Tatizo hili ni la kale. Waraka wa RFC 1047 ulilieleza mwaka 1988. Punguza kazi inayofanywa kabla ya kutoa jibu.

Kuhusu barua za tovuti, mimi huanza na swali moja: je, kampuni ilihamishia barua pepe zake Google au Microsoft, huku tovuti ikibaki kwa mwenyeji wa zamani? Kama ndiyo, seva ya tovuti huenda bado inaamini kwamba barua za kikoa hicho ni zake. Haiulizi rekodi za MX. Inazitumbukiza kwenye kikasha cha zamani ambacho hakuna anayekifungua. Zinazotoka nje zinafika vizuri, ndiyo maana hakuna anayeshuku. Kwenye cPanel, fungua Email Routing, chagua Remote. Kisha ingia kwenye kikasha kile cha zamani uokoe yaliyomo. Huenda mna oda za miezi. Mwenye mamlaka kwenye seva hiyo anaweza kuandika exim -bt na anwani, akaonyeshwa njia bila kutuma chochote.

Ofisi ndogo nyingine hukusanya barua za wafanyakazi wote kwenye kikasha kimoja cha POP, halafu seva ya ofisini inazigawa kwa kutazama jina lililo kwenye To. Aliyetumiwa kwa Bcc hayumo kwenye To, kwa hiyo barua yake huishia kwa msimamizi au kwa mtu asiyehusika. Mwongozo wa fetchmail wenyewe unaonya dhidi ya utaratibu huu. Uache. Mpe kila mfanyakazi kikasha chake.

Ukimaliza, jaribu kwa barua ya kutoka nje, nyingine kupitia tovuti, na nyingine ya kikundi. Wajulishe pia wafanyakazi kwamba barua zilizokwama kwa watumaji zinaweza kuendelea kuingia kwa takriban siku 5, wasije wakazidhania nakala mpya.